Shajara ya mradi: kukokotoa a na a_D za SU(2) pale mfungamano unapokuwa mkali

6 Januari 2025: Lengo, mapatano na vifaa

Mwaka 1994 Nathan Seiberg na Edward Witten walionyesha kwamba nadharia ya geji ya SU(2) (nadharia ya kani inayojengwa juu ya kundi la ulinganifu SU(2)) yenye supasimetria N=2 (ulinganifu unaounganisha bosoni na fermioni), isiyo na maada ya ziada, inaweza kutatuliwa kikamilifu katika nishati ya chini. Kila kitu kinabebwa na fanksheni mbili za u, namba changamano inayotaja nadharia iko kwenye ombwe lipi (hali ipi ya nishati ya chini kabisa), yaani a(u) na a_D(u), ambazo hutoa matungamo ya chembe. Kwa u kubwa tuko kwenye mfungamano dhaifu (mwingiliano wa chembe hauna nguvu) na hesabu za kawaida zinatosha. Karibu na u = 1 na u = −1 (tunapima kwa Λ = 1, Λ ikiwa kipimo cha nishati cha nadharia) mfungamano ni mkali, hesabu za kawaida zinakufa, na badala yake monopoli ya sumaku au daioni (chembe yenye chaji ya sumaku na ya umeme pamoja) inapoteza tungamo lake lote.

Kazi ni kuzikokotoa fanksheni hizo mbili popote kwenye bapa la u, kuthibitisha monodromi zake (zinavyobadilika ukizunguka nukta maalumu), kupata masahihisho ya instantoni (michango ya kikwantamu ambayo hesabu za kawaida haziioni), na kuchora mstari ambao chembe W, kibeba kani chenye chaji ya umeme, huvunjika juu yake. Shajara hii inawekwa ili mwenye kompyuta mpakato na Python aweze kurudia yote.

Mapatano tunayoshika ni ya karatasi ya kwanza ya 1994: mkunjo y² = (x² − 1)(x − u), u ≈ a²/2 kwa u kubwa, chaji huandikwa (n_m, n_e), ya sumaku kwanza kisha ya umeme, Z = n_m a_D + n_e a, tungamo M = √2|Z|, chembe W ni (0,1), na τ = da_D/da = θ/2π + 4πi/g², ambapo g ni mfungamano na θ ni pembe ya ombwe. Yaandike kwenye karatasi na uyabandike ukutani. Tarehe 21 utaona kwa nini.

Vifaa: Python, mpmath kwa tarakimu 30, numpy na matplotlib. Kompyuta ina RAM ya GB 8 na haikuhitajika zaidi. Programu zote ni za bure, kwa hiyo gharama ya mradi huu ni saa, na saa zilizopotea zimeandikwa chini ya kila hatua.

9 Januari: Integrali ya moja kwa moja, imeshindwa

Fomula ya asili ni

a(u) = (√2/π) ∫ √(x − u)/√(x² − 1) dx, kutoka −1 hadi 1,

na a_D ni integrali hiyohiyo kutoka 1 hadi u. Tuliiandika kama ilivyo. Matatizo yalikuwa mawili.

La kwanza ni dogo: sehemu ya chini ya mgawanyo ni sifuri kwenye x = ±1. Ukiweka x = cos t, dx inakula sifuri hiyo na integrali inatulia.

La pili ndilo lililotula siku mbili. Ili kupunguza maandishi, mtu aliunganisha vipeuo viwili kuwa kimoja, √((x − u)/(x² − 1)). Kwa u halisi na kubwa jibu ni sahihi. Lakini kwa a_D kitu kilicho ndani ya kipeuo kinaanzia juu ya sehemu hasi ya mhimili halisi, kwa hiyo u ikihama kutoka upande mmoja wa mhimili halisi hadi mwingine, kompyuta inageuza ishara bila kusema neno. Picha ya a_D ilitoka na mstari mkali unaopita mahali ambapo hapana kitu chochote cha kifizikia. Hata kuvitenganisha vipeuo hakutoshi kwa a_D, kwa sababu njia ya kutoka 1 hadi u nayo inaweza kuvuka mkato (mstari ambao thamani ya kipeuo inaruka juu yake).

Uamuzi: tuachane na integrali, tutumie fomula zilizofungwa. Gharama: saa 11.

14 Januari: Fomula zilizofungwa na namba za udhibiti

Hizi ndizo tunazotumia sasa:

a = (2√2/π) √(u+1) E(2/(u+1))
a_D = (i/2)(u − 1) F(½, ½; 2; (1 − u)/2)
da/du = (√2/π) K(2/(u+1)) / √(u+1)
da_D/du = (i/π) K((1 − u)/2)

E na K ni integrali kamili za duaradufu, F ni fanksheni ya haipajiometri. Katika mpmath ni ellipe, ellipk na hyp2f1. Za scipy hazifai hapa: ellipe na ellipk zake hazipokei namba changamano.

Kosa la siku: vitabu vingine huandika E(k) na vingine E(m), ambapo m = k². mpmath hutaka m. Tulimpa k. Ubaya wa kosa hili ni kwamba tulikuwa na namba moja tu ya udhibiti, a(1) = 4/π = 1.27324, na pale m = k = 1. Jaribio likapita! Lilifichuka tulipojaribu u = 3: ilitoka 2.228, wakati √(2u) ni 2.449 na sahihisho la kwanza, 1/(16u²), halifiki hata asilimia moja. Jibu la kweli ni 2.43201.

Kwa hiyo usitosheke na namba moja, tena usiichague kwenye sehemu maalumu. Orodha yetu ya udhibiti sasa ni hii:

- u = 3: τ = i kamili. Ni sahihi kabisa, wala si makadirio, kwa sababu K(−1) = K(½)/√2.
- u = 2: a = 1.96669, a_D = 0.47343i, τ = 0.8546i.
- u = 0, ukikaribia kutoka juu: a = 0.53935(1 + i), a_D = −0.53935i, τ = (−1 + i)/2.
- Popote pale: a·a_D′ − a′·a_D = 2i/π. Hii ni Wronskian, na haitegemei u.

Hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote tatu za juu, maana unaweza kuijaribu kwenye nukta elfu kwa mpigo. Mwanzoni tulizipata derivativu kwa kutoa nukta mbili zilizo umbali wa 10⁻¹⁰ kwa usahihi wa kawaida wa numpy. Wronskian ikaanza kuyumba kwenye tarakimu ya sita. Tulipoweka K badala yake, ilishika tarakimu zote 30.

Tazama pia namba za u = 2. Chembe W ina tungamo √2 × 1.96669 = 2.781, monopoli ina 0.670. Hata kabla ya kufika ukingoni, monopoli ni nyepesi mara nne zaidi, na g² ni 14.7. Kwenye u = 3, g² = 4π. Anayedhani mfungamano mkali unaanza pale u = 1 amechelewa.

Gharama: saa 6, nne zikiwa za k na m.

21 Januari: Mapatano mawili kwenye faili moja

Namba za τ ziliongezeka maradufu ghafla. Kwenye u = 3 tulipata 2i. Msimbo haukuwa umeguswa ila mahali pamoja: mtu alinakili fomula ya a kutoka maandishi yanayofuata karatasi ya pili ya mwaka uleule.

Katika karatasi ya pili, ambayo inaongeza maada, mkunjo wa SU(2) tupu ni y² = x³ − ux² + ¼x. Sehemu zenye matatizo ni zilezile, u = ±1, ndiyo maana huoni tofauti ukitazama picha. Lakini a ni nusu ya ile ya kwanza, chaji ya umeme imezidishwa kwa 2, chembe W ni (0,2), na τ = θ/π + 8πi/g². Fizikia ni moja, vipimo ni viwili. Kuna na mkunjo wa tatu unaopendwa, y² = (x² − u)² − 1, nao unakwenda na mapatano ya pili.

Marekebisho: kila faili sasa inaanza kwa mistari miwili inayokokotoa τ(3) na a(u)/√(2u) kwa u = 10⁶. Ya kwanza isipokuwa i, au ya pili isipokaribia 1, programu inasimama. Gharama: saa 3, na aibu kidogo.

30 Januari: Monodromi

Hapa ndipo penye kiini cha nadharia. Ukizunguka u = 1 mara moja na kurudi ulipoanza, jozi (a_D, a) hairudi ilivyokuwa, bali inazidishwa na matriki ya namba kamili. Tulitarajia

M₁ = (1, 0; −2, 1), M₋₁ = (−1, 2; −2, 3), M∞ = (−1, 2; 0, −1),

na M₁M₋₁ = M∞.

Jaribio la kwanza: chora duara la nusu-kipenyo 0.5 kuzunguka u = 1, kokotoa a na a_D kwa fomula zilizofungwa kwenye kila nukta, linganisha mwanzo na mwisho. Ilitoka matriki ya utambulisho. Kila mara! Sababu ni rahisi ukishaiona: fomula iliyofungwa haina kumbukumbu. Inajua u tu, haijui umepita wapi. Ukivuka mkato inaruka, na ukirudi mwanzo inakupa thamani ileile ya tabaka kuu. Mikato yenyewe iko hapa: ya a inakwenda kutoka u = 1 kuelekea kushoto hadi mwisho, ya a_D inaanzia u = −1 kuelekea kushoto.

Dawa ni kuacha fomula na kufuata mlinganyo tofautishi. Fanksheni zote mbili zinatii

f″ = f / (4(1 − u²)).

Fomula zilizofungwa tunazitumia mara moja tu, kwenye nukta ya kuanzia, kupata f na f′. Kisha Runge-Kutta ya daraja la nne inatembea juu ya njia: mstari kutoka kituo hadi kwenye duara, duara hatua 2000 kinyume cha saa, kisha kurudi kituoni kwa mstari uleule. Jozi mpya inaandikwa kama mchanganyiko wa jozi ya zamani kwa kutatua milinganyo miwili, moja ya f na moja ya f′. Kuzunguka u = 1 kulitoa (1, 0; −2, 1), tofauti na namba kamili ikiwa chini ya 10⁻⁸. Muda: sekunde chache.

Kuzunguka u = −1 kulitoa (3, 2; −2, −1).

Hii siyo iliyoandikwa kwenye karatasi, na tulitafuta kosa kwa siku mbili ambapo kosa halikuwepo. Kituo chetu kilikuwa u = 2i, yaani juu ya mhimili halisi. Matriki ya kuzunguka sehemu ambayo chembe yenye chaji (n_m, n_e) inapoteza tungamo ni

(1 + 2n_m n_e, 2n_e²; −2n_m², 1 − 2n_m n_e).

Ukiweka (1, −1) unapata ile ya karatasi. Ukiweka (1, 1) unapata ya kwetu. Ukikaribia u = −1 kutoka juu, a = 4i/π na a_D = −4i/π, kwa hiyo a + a_D ndiyo inayokuwa sifuri. Ukikaribia kutoka chini, a = −4i/π, na inayokuwa sifuri ni a_D − a. Daioni ni yuleyule; jina lake la chaji linategemea umesimama wapi. Tulihamisha kituo hadi u = −2i na (−1, 2; −2, 3) ikatokea.

Angalia na mpangilio wa kuzidisha. Duara kubwa linaloanzia chini linapita kwanza upande wa u = 1, hivyo M∞ = M₁M₋₁. Linaloanzia juu linapita kwanza u = −1, hivyo ni (3, 2; −2, −1) kushoto na M₁ kulia. Zote mbili zinatoa (−1, 2; 0, −1). Ukigeuza mpangilio unapata kitu kingine kabisa, na hapo utajilaumu bure.

Gharama: saa 19. Ndiyo hatua ghali kuliko zote.

8 Februari: Masahihisho ya instantoni

Tunataka u kama mfululizo wa a. Jaribio la kwanza lilikuwa kutengeneza nukta 200 za (a, u) kati ya a = 10 na a = 20, kisha kulazimisha mfululizo upite humo. Sahihisho la kwanza lilitoka vizuri, la pili kwa shida, la tatu lilikuwa takataka. Hesabu yenyewe inaeleza: kwenye a = 20, u ni kama 200, na hatua ndogo kabisa ambayo usahihi wa kawaida unaweza kuonyesha karibu na 200 ni 2.8 × 10⁻¹⁴. Sahihisho la tatu pale ni 7 × 10⁻¹⁵. Huwezi kupima unene wa unywele kwa rula ya fundi.

Njia sahihi haihitaji namba za desimali hata kidogo. Panua a:

a = √(2u) (1 − 1/(16u²) − 15/(1024u⁴) − 105/(16384u⁶) − …)

Geuza mfululizo kwa sehemu kamili, moduli ya fractions ya Python inatosha:

u = a²/2 + 1/(4a²) + 5/(64a⁶) + 9/(128a¹⁰) + 1469/(16384a¹⁴) + …

Kila neno ni la instantoni moja zaidi, ndiyo maana vipeo vinashuka kwa nne nne. Ukihitaji prepotensheli F (fanksheni ambayo derivativu yake kwa a ni a_D; siyo F ya haipajiometri), tumia uhusiano wa Matone, ambao kwa mapatano yetu ni u = iπ(F − ½ a a_D): kigawo cha instantoni k cha u ukikigawa kwa 2πik unapata cha F.

Kisha tukauliza mfululizo huu unafaa hadi wapi. Kwenye u = 2, ukianza na a²/2 na kuongeza neno moja moja, jumla inakwenda 1.93393, 1.99856, 1.99991, 1.99999. Safi. Kwenye u = 1, a = 4/π, inakwenda 0.81057, 0.96478, 0.98312, 0.98940, 0.99245. Inajikokota. Pale ndipo ukingo wa duara la mkusanyiko, na sababu ya kuwepo ukingo ni monopoli isiyo na tungamo, kitu ambacho mfululizo wa instantoni haukijui. Ndani ya ukingo huo mfululizo hausemi chochote, lakini fomula za tarehe 14 zinaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Gharama: saa 7, tano zikiwa za njia iliyoshindwa.

17 Februari: Mstari wa kuvunjika

Chembe W inaweza kuvunjika pale a_D/a inapokuwa namba halisi, kwa sababu hapo Z za vipande vyake zinakuwa kwenye mstari mmoja na tungamo la W linalingana kabisa na jumla ya matungamo yao.

Kosa la kwanza: tuliomba kompyuta ichore mahali ambapo sehemu ya kufikirika ya τ ni sifuri. Ikarudisha karatasi nyeupe. Lazima, maana sehemu hiyo ya τ ni 4π/g² na ni chanya kila mahali. τ ni da_D/da, siyo a_D/a. Kwenye u = 0 kutoka juu τ ni (−1 + i)/2, ilhali a_D/a ni (−1 − i)/2. Kwa u kubwa zinafanana kiasi cha kumdanganya mtu.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu: gridi ya nukta 400 kwa 400, zote kwa tarakimu 30. Ni nukta 160,000, na mstari ulitoka na meno karibu na u = ±1, pale hasa tulipotaka uwe safi. Badala yake tulipiga miale kutoka u = 0, kwa pembe za digrii 1 hadi 179, na kwenye kila mwale tukagawanya nusu kwa nusu kati ya umbali 0.5 (sehemu ya kufikirika ya a_D/a ni hasi) na 1.2 (ni chanya). Hatua 33 zinatoa tarakimu 10. Nusu ya chini ni kivuli cha ya juu. Kazi nzima ni nukta zipatazo 6,000.

Mstari unafanana na duaradufu: unapita u = ±1, na kwenye mhimili wa kufikirika unakata karibu na 0.86i. Juu yake, upande wa juu, a_D/a inakwenda kutoka 0 pale u = 1 hadi −1 pale u = −1, na ni −½ kwenye 0.86i.

Nje ya mstari kuna W na daioni zote (1, n). Ndani, kama Frank Ferrari na Adel Bilal walivyoonyesha mwaka 1996, zimebaki mbili tu: monopoli na daioni, zile zile zinazopoteza tungamo kwenye u = ±1. W inavunjika kuwa daioni (1,1) na kinyume cha monopoli, (−1,0).

Mtego hapa: kwenye u = 0 monopoli na daioni zina tungamo 0.763 kila moja, jumla 1.526. √2|a| pale ni 1.079. Mtu akitazama namba hizo atasema W ni nyepesi kuliko vipande vyake, hivyo ni imara. Lakini W haipo kabisa ndani ya mstari. Usawa wa pembetatu unatoa jibu hilohilo pande zote mbili za mstari, kwa hiyo hauwezi kukuambia chembe ipo au haipo. Usiandike programu inayoorodhesha chembe kwa kulinganisha matungamo peke yake. Ya kwetu ilifanya hivyo kwa siku moja, na picha yake imefutwa.

Gharama: saa 9.

1 Machi: Kushuka hadi N=1

Hatua fupi. Ukiongeza neno m·u kwenye suppotensheli (fanksheni inayoamua ombwe zipi zinaruhusiwa), supasimetria inashuka kutoka N=2 hadi N=1 na bapa zima la u linatoweka isipokuwa nukta mbili, u = 1 na u = −1. Mbili ndiyo idadi ya ombwe inayotarajiwa kwa SU(2) ya N=1.

Karibu na u = 1, suppotensheli ni √2 a_D M M̃ + m u, ambapo M na M̃ sasa ni uga za monopoli, siyo tungamo. Kwa kuitofautisha kwa a_D, √2 M M̃ = −m du/da_D. Kutoka kwenye fomula ya a_D, da_D/du = i/2 pale u = 1, kwa hiyo du/da_D = −2i na |M M̃| = √2 |m| Λ, baada ya kurudisha Λ. Monopoli imejaa kwenye ombwe, na chaji za umeme zinafungwa.

Kosa lilikuwa moja: tulikokotoa du/da_D kwa namba kwenye u = 1 kamili kupitia da/du na τ, yaani 1/(τ·a′). Pale a′ haina kikomo na τ ni sifuri, mpmath ikarudisha nan. Tumia da_D/du moja kwa moja, ambayo pale imetulia kabisa. Saa 1.

Hatua inayofuata ni kuongeza ladha (aina) moja ya maada. Bapa la u linapata nukta tatu badala ya mbili, na fomula zilizofungwa za tarehe 14 hazitatosha tena, kwa hiyo msimbo wa Runge-Kutta unaandikwa upya upokee mlinganyo wowote. Jaribio la mistari miwili la tarehe 21 limeshahamishiwa kwenye folda mpya, likiwa na thamani za karatasi ya pili: τ(3) = 2i, a/√(u/2) → 1.